Nyumba Zilizosema Pita

Bi Zaina alipotoka eda nilikwenda Masuguru kumpa mkono. Mzee Saidi alizikwa mimi niko mbali na sikuwahi mazishi, na jambo hilo lilikuwa limenikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Uani kumejaa watu, pilau inanukia mpaka barabarani, wajukuu wamesimama mlangoni kupokea wageni. Kila anayefika anaambiwa karibu baba, karibu mama, karibuni jamani, poleni na safari. Nikapiga hodi. Hodi yangu haijawahi kuwa ya mtu mstaarabu, hata leo na mvi hizi. Kutoka chumba cha mbele sauti nyembamba ikajibu hapo hapo, "Pita, Redio. Pita." Mjukuu wake mmoja, binti mwenye simu mkononi, akashtuka. "Bibi! Mgeni anaambiwa karibu!" Mimi nikacheka. Nilicheka kwa sauti pale kizingitini, nyumba ya mjane, watu wazima wakanigeukia kama nimevaa nguo kichwa chini. Wacha wanigeukie. Mwaka mzima wa ujana wangu ulikuwa umesimama kwenye neno lile moja, na kati ya wote waliokuwa uani pale tulikuwa wawili tu tunaojua.

Sasa bwana, mwaka wenyewe ni ule mashamba ya mkonge yalipochukuliwa na serikali. Nilikuwa kijana wa ishirini na kitu, utingo wa lori la ushirika. Shule sikwenda. Kusoma nilijifunza kwenye maandishi ya magunia ya sukari na magazeti ya kufungia sabuni, kwa hiyo nilikuwa najua vitu vingi vipande vipande, na kila kipande nilikitangaza. Ndiyo maana Saidi, dereva wangu, aliniita Redio. "Redio, punguza sauti," ndiyo sentensi aliyonipa mara nyingi kuliko zote. Yeye alikuwa Mzigua wa maneno machache, mtu wa msikitini, anaendesha lori polepole utadhani amebeba mayai. Tulikuwa tunapakia sukari, chumvi, sabuni na majembe Korogwe, tunashusha Chanika pale Handeni mjini, tunaendelea mpaka Kang'ata, tunarudi na mahindi. Nilikuwa nagombana kila kituo. Nagombana na wapakizi, na wauza maandazi, mara moja niligombana na mbuzi. Lakini mtu akimgusa Saidi kwa neno baya, hapo hata salamu sikumbuki.

Siku tulipoitwa kuchukua mabati kwenye shamba moja upande wa Ngombezi, tulimkuta mpishi wa meneja wa zamani amekaa kwenye ngazi za nyumba kubwa, kashika kamba, na mwisho wa kamba kuna mbwa. Mbwa jike, rangi ya chai ya maziwa, masikio yameanguka kama majani ya mgomba. Meneja Mgiriki na mke wake walikuwa wamekwisha ondoka na masanduku yao. "Mchukueni," mpishi akasema. "Watu wa mifugo wamepita makambini. Mbwa asiye na mwenyewe anapigwa risasi. Mimi Jumamosi naondoka."

"Anaitwa nani?" nikamuuliza.

"Karibu."

"Nimeshakaribia, mzee. Nakuuliza jina."

"Ndilo jina lake, we kijana! Karibu! Mama wa Kigiriki Kiswahili chake chote kilikuwa neno hilo, akampa mbwa."

Na yule mbwa, kusikia jina lake mara mbili, akasimama akaja kuniwekea kichwa gotini. Basi. Mimi nimekwisha. Mpishi akaniambia na masharti. Mbwa huyu halali njaa, lakini ugali usio na mchuzi anaugeuzia mgongo. Lazima atembezwe asubuhi na jioni, mwendo mrefu, penye majani. "Hawezi kujisaidia penye watu," akasema. "Ana aibu kuliko wewe." Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza kwamba mbwa anatembezwa. Kwetu mbwa anajitembeza mwenyewe, tena akirudi unamuuliza alikuwa wapi.

Saidi alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi, akatazama lori. Mimi nikaanza. Nikamwambia sukari imeadimika, vibaka wanapanda lori likiwa linatambaa mlimani, mlinzi wa ushirika analala kuliko mzigo. Niliongea mpaka mabati yakaisha kupakiwa. Akasema, "Mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Atakaa nyuma, juu ya gunia kavu. Akilowa, hagusi mtu wala mzigo." Nikaruka juu kwa furaha. Akaninyooshea kidole. "Bado. Tunasimama vituo vitatu, Chanika, Kang'ata na nyumbani kwangu. Kila kituo umpatie mahali anapopokelewa, kwa ridhaa ya watu, bila ngumi. Mpaka mwezi wa Ramadhani uandame. Kituo kimoja kikiwa bado kinakataa siku hiyo, namrudisha Ngombezi nilikomtoa." Na Ngombezi tulijua kuna nini. Nikasema sawa, mzee, hilo dogo! Nilikuwa mjinga mwenye raha kupita wajinga wote wa Korogwe.

Dogo? Sikuwa nimefikiria jina. Ebu fikiri na wewe: nchi nzima hii, ukisimama mlango wowote ukapiga hodi, utaambiwa nini? Jioni ile ile tumefika Masuguru, Bi Zaina ana wageni, wakwe wa mdogo wake, wamekaa mkekani na sahani ya tende. Saidi kapiga hodi nyumbani kwake kama kawaida yake. Bi Zaina kwa moyo mweupe akasema, "Karibu! Karibu, karibu!" Mbwa alishuka kwenye lori kama jiwe limetupwa. Akampita Saidi, akaniburuza na kamba yake, akaingia ndani, akasimama katikati ya mkeka anatikisa mkia, anamtazama kila mkwe usoni kuona ni nani aliyemwita. Bi Zaina akatoka na mwiko. "Saidi! Umeniletea nini? Saidi!" Wakwe wako juu ya viti. Na mimi, mdomo huu, nikapiga kelele kumzuia: "Karibu! Wee Karibu! Karibu, toka!" Mkwe mmoja akasema kwa uchungu kabisa, "Mwanangu, tukaribie au tutoke?"

Bi Zaina alikuwa na ulimi, na kwa hilo nilimheshimu. Tangu siku hiyo, lori likisimama tu alikuwa anatoka na mwiko anasimama mlangoni. "Shikamoo mama," nasema. "Marahaba. Mke mwenzangu yuko wapi?" Ndivyo alivyomwita. "Mwambie mume wetu chakula kipo, lakini nyumba hii ina mlango mmoja, na mlango una mimi." Mbwa alikuwa analala ndani ya lori lililofungwa, anagumia, na mimi nalala chini ya lori namhadithia. Tulijaribu kumbadilisha jina. Nilimwita Simba, nikamwita Safari, nikamwita Malkia. Alikuwa ananitazama kwa huruma, kama mtu anayesikiliza mlevi.

Lakini matembezi! Nikiwa mzee hivi nimepanda mabasi yenye vioo vya giza na sijaona njia kama nilivyoiona mwaka ule, kwa sababu mbwa yule alinifundisha kuuliza swali moja kila tunaposimama: hapa majani yako wapi? Barabara ile nilikuwa nimeipita miaka mitatu na kumbe naijua vumbi lake tu. Korogwe kulikuwa na ukingo wa mto Pangani, unashuka asubuhi umande haujakauka, lakini huko alilowa, kwa hiyo ilibidi turudi kwa mzunguko mrefu kwenye njia ya mkonge, mistari imenyooka mpaka macho yanachoka, mpaka anakauka na mimi nimekauka. Chanika nilikigundua kilima nyuma ya mji, kina njia ya mbuzi, na ukifika juu unaona Handeni yote iko chini imelala kama nguo iliyoanikwa. Nilirudi mbio kumwambia Saidi. "Mzee, kule juu kuna upepo!" Akasema, "Upepo uko kila mahali, Redio." Lakini safari iliyofuata nilimwona amefunga breki, anatutazama tunapanda, mimi na mbwa, na alipochoka kutazama akaja. Alitembea upande wa pili wa njia, kanzu kaishika juu, akijifanya ana shughuli zake.

Chanika nilianza vibaya. Hoteli tuliyozoea kula, mwenyewe alikuwa mtu wa tumbo kubwa na maneno makubwa, akasema mbwa hata barabarani mbele ya hoteli yake asisimame. Nikamwambia mkavu kwa mkavu hakuna najisi. Akasema, "Umesoma chuo gani, gunia la sukari?" Wateja wakacheka. Nikamwambia supu yake ndiyo najisi, maana ile nyama hakuna aliyeiona ikichinjwa. Sikurusha ngumi. Nilirusha maneno tu, lakini yalitosha, nikafukuzwa na Saidi akafukuzwa pamoja nami, mchuzi haujamaliza hata kupoa. Tumekaa kwenye baraza ya duka la Kihindi, Saidi ana njaa, ananitazama kwa jicho baya kuliko mwiko wa mke wake. Ndipo mama mzee wa mwenye duka akatoka na chapati moja mkononi, amevaa sari nyeupe, akapita mbele yetu kama hatupo, akainama kwa mbwa. "Kwetu chapati ya kwanza ya ng'ombe, ya mwisho ya mbwa," akasema. "Tangu nije Chanika ya mwisho sijui nimpe nani. Watu wa hapa hawana mbwa." Mbwa akaipokea kwa adabu ambayo sijawahi kuwa nayo. Yule mama akatazama meno yanavyofanya kazi, machozi yakamjaa, akamwita mjukuu wake alete chai ya sisi wanadamu. Chai yenye tangawizi, kwenye vikombe vya bati, na ndizi za kukaanga. Tangu siku ile kituo cha Chanika kilikuwa baraza ile, tena tulikuwa tukichelewa anauliza, "Mbona mnamweka na njaa?" Hakumwita Karibu. Alimwita binti.

Kang'ata sikuhitaji hata kuomba. Kule nguruwe pori wanamaliza mihogo, kila mkulima ana mbwa wake wa kufukuzia, na mbwa ni mtu wa kazi kama jembe. Tulikuwa tunapumzika kwa Bi Mgaza, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuitia watu bonde la pili. Jikoni kwake kumeniingia kichwani mpaka leo: mafiga matatu, moshi, chungu cha mlenda, na bada, ugali wa muhogo mweusi unaovutika, ambao anaukata kwa mkono na kuupanga, wa watu upande huu, wa mbwa upande ule. "Wako hafai kwa nguruwe," aliniambia. "Masikio yamezidi. Nguruwe atayashika kama vitasa." Lakini alikuwa anamkatia pande kubwa, lenye mchuzi. Na pale karibu palikuwa na lambo, maji ya kunywesha ng'ombe, nyasi pande zote, ndege weupe. Hayo ndiyo yalikuwa matembezi bora kuliko yote barabara nzima, nasema na sirudishi. Alikuwa anaogelea kichwa tu kimebaki juu, ameshika kijiti, anaona raha mpaka na mimi nikaingia na suruali.

Basi vituo viwili tumepata. Kimebaki cha tatu, mlango wenye Bi Zaina, na mwezi unakaribia.

Safari ya mwisho kabla ya mfungo tulikuta Kang'ata kuna sherehe. Kijiji cha ujamaa kinafunguliwa, nyumba zimepangwa mistari, mgeni mkubwa anakuja kutoka huko juu. Saidi, kwa kuwa watu wanamjua, aliombwa asome dua. Akatoa kanzu nyeupe aliyoitunza kwa ajili ya mwezi mtukufu, akakaa mstari wa mbele, na mimi kwa akili zangu nikampeleka mbwa lamboni asije akaleta vurugu. Yuko katikati ya maji. Na mwenyekiti wa kijiji akawasha kipaza sauti cha betri.

"KARIBU!"

Mbwa akageuza kichwa.

"Karibu mheshimiwa! Kang'ata yote inasema KARIBU!"

Maskini ya Mungu, hakuna aliyewahi kumwita kwa sauti kubwa namna ile. Alitoka majini na furaha ya kiumbe aliyeitwa na dunia nzima. Nilimkimbilia, nikaanguka, nikaamka, nikaanguka tena. Nilipofika uwanjani alikuwa ameshapita katikati ya wacheza ngoma, amepanda jukwaani, na pale mbele ya mgeni wa heshima, mwenye suti yake safi ya mikono mifupi, akajikung'uta. Maji ya lambo, tope, majani, yote. Watu wakapiga yowe. Mgambo wakaja na marungu, na mmoja alikuwa na bunduki. Nikamrukia wa kwanza shingoni, wawili wakanidaka, mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja chake. Mdomo! Siku zote naongea, na dakika ile ninayohitaji neno moja nimezibwa.

"Mbwa wa nani huyu?" mwenyekiti akauliza kwenye kipaza sauti. "Nauliza! Ana mwenyewe?" Yule wa bunduki akawa anaondoa watu nyuma ya jukwaa.

Saidi akasimama. Alitembea kama anavyoendesha, taratibu, kanzu nyeupe pee. Mtu ambaye mwaka mzima hakuwahi hata kuigusa kamba yake, akapanda jukwaani, akainama, akamnyanyua yule mbwa na maji yake na tope lake, akamkumbatia kifuani. Mbwa akamlamba kidevu. Wazee wa mstari wa mbele wote walisema astaghafirullah kwa pamoja.

"Wangu," Saidi akasema. Hakuhitaji kipaza sauti. "Jina lake Karibu. Mmemwita, amekuja. Kosa lake liko wapi?"

Halafu mgeni mkubwa, anajifuta tope kwenye shavu, akaanza kutikisika mabega. Akacheka mpaka akashika meza. "Mwenyekiti," akasema, "ni kweli umemwita. Mimi mwenyewe nimesikia." Uwanja ukalipuka! Mgambo akanitoa kiganja mdomoni, nikapanda kumpokea mbwa.

Lakini dua bado, na msomaji amepata najisi kuanzia kidevu mpaka kiuno. Bi Mgaza akaja na udongo safi kwenye ungo, wanawake wakaleta ndoo. Saidi alikaa pembeni ya uwanja kwenye jiwe, akaoshwa na kanzu yake ikafuliwa hapo hapo kama inavyotakiwa, mara saba, moja kwa udongo, na Kang'ata nzima ikawa inahesabu kwa sauti, hata watoto, hata mgeni. Moja! Mbili! Walipofika saba walipiga makofi utadhani timu yao imefunga. Akasoma dua amevaa shuka la kuazima. Sijasikia dua iliyoitikiwa amina kwa nguvu kama ile.

Tulirudi Masuguru jioni, mwezi unatafutwa. Njia nzima sikuongea, mpaka Saidi akaniuliza kama naumwa. Bi Zaina alikuwa mlangoni na mwiko wake. Akaiona kanzu, nyeupe imekuwa ya maji ya kunde. "Hii imefanya nini?" Nikafungua mdomo, Saidi akaniwahi. "Nimembeba," akasema. "Walikuwa wanataka kumpiga risasi. Nimembeba, nimeosha." Basi, hakuongeza. Bi Zaina akamtazama mume wake, kisha akamtazama mbwa, ambaye alikuwa amekaa chini anasubiri, masikio mbele, anasubiri lile neno. Nilijua likitoka tu ataingia, na akiingia yamekwisha.

Bi Zaina akaweka mwiko chini. Akasema polepole, kama anaonja chumvi, "Saidi. Pita."

Saidi akapita. Mbwa hakutikisika.

"Redio. Pita."

Nikapita nimeshika moyo. Mbwa ametulia nje, ananitazama tu. "Kumbe," Bi Zaina akasema, "mwaka mzima napigana na mnyama asiye na kosa. Jina lake hataki kubadilisha. Sawa. Nitabadilisha mimi." Akachukua gunia kavu, akazunguka uani mpaka banda la kuni, nikamsikia anakung'uta vumbi, anasukuma magogo, anatandika. Akasimama pale bandani, akajifunga kanga vizuri, na kwa sauti ile ile ya kupokelea wakwe akasema, "Karibu."

Mbwa akaenda. Akazunguka mara mbili juu ya gunia, akalala. Nje watoto wakaanza kupiga kelele kwamba mwezi umeonekana.

Habari ilienda barabarani haraka kuliko lori letu. Chanika yule mwenye hoteli alituita mwenyewe, akasema kama Saidi kambeba, yeye ni nani. Na vituo vyote tukisimama, mpaka nyumba tusizozijua, watu wakishaona masikio yale juu ya magunia walikuwa wanatuambia, "Piteni! Piteni ndani!" Mgeni wa mbali angedhani watu wa huku hawana adabu. Mbwa alikaa nasi miaka tisa, alipokufa tulimzika Masuguru, nyuma ya lile banda.

Haya yote yalipita kichwani nimesimama kizingitini nacheka, na yule binti bado amekasirika kwa niaba yangu. "Bibi, mwambie mgeni karibu," akarudia. Bi Zaina akaegemea mkongojo wake, akachungulia uani, upande kulikokuwa na lile banda la kuni.

"Huyu si mgeni," akasema. "Na neno hilo, mjukuu wangu, lina mwenyewe."